Makoti ya Bi. Ngurumo

Shemeji yangu, mume wa dada, ni dobi, na kwa miaka ishirini na sita hajapoteza nguo ya mtu. Mimi ndiye mpiga pasi wake. Ukiona mkunjo wa suruali umesimama mpaka unaogopa kuugusa, ujue mkono huu umepita hapo. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe ndiyo iliniacha, hatujaelewana mpaka leo. Lakini pasi naijua.

Yeye darasani hakukanyaga kabisa. Mjomba wake alimkabidhi beseni akiwa hajalizidi kimo, na chuo chake kikawa hapo. Kwa hiyo haandiki majina. Kila mteja ana uzi wake, umeshonwa ndani ya ukosi: nyekundu mafundo mawili, kijani fundo moja, hivyo hivyo. Nguo mia zichanganyike, yeye anapapasa ukosi macho yake yako kwingine, anakutajia mwenye nguo. Maneno yake ya siku nzima unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole gumba kinabaki.

Sasa chama cha wafanyabiashara kikaleta wageni kutoka nje, mpango wa kubadilishana wataalamu. Mchana wanazungushwa kwenye biashara za watu waone wenzao wanavyofanya, jioni kila mmoja anarudi kwa familia aliyopangiwa. Sisi tukapewa msimamizi wa ufuaji wa hoteli kubwa huko kwao. Mtu mrefu, mpole, Kiswahili kajifunzia kitabuni, kimenyooka kuliko suruali zangu. Akimwaga chai kidogo anasema, naomba radhi kwa taksiri hii, dada anakimbia kuangalia kama kaungua. Kitanda anatandika mwenyewe. Siku ya tatu dada akaanza kunitazama mimi kwa jicho baya.

Duka letu lilipangiwa Jumamosi, na shemeji roho ilikuwa juu. Makoti meupe ya hospitali ndiyo nusu ya kazi yetu, na matroni alishasema wazi: ng'ambo ya barabara wamefungua dobi wa mashine, basi Jumamosi atakuja pamoja na wageni, aangalie, halafu aamue makoti yaende wapi.

Ijumaa mgeni akanikuta peke yangu kwenye pasi. Akashika ukosi mmoja, akauliza nyuzi zile zina maana gani. Ningemwambia nyekundu mafundo mawili ni mwalimu wa hesabu, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi na ulimi wangu hatujawahi kufika safari salama. Nikampa majina ninayowaita kimoyomoyo miaka yote. Mwalimu: Bwana Kikwapa. Kinyozi: Bwana Kitambi. Karani wa posta: Bi. Mapozi. Matroni, kwa ile sauti yake: Bi. Ngurumo. Mgeni anaandika kwenye daftari, uso mkavu kama hakimu.

"Ukoo wa Kikwapa ni mkubwa hapa?" akauliza.

"Mkubwa sana," nikamwambia. "Hasa wakati wa joto."

Akaandika na hiyo.

Jumamosi nikachelewa kidogo, si sana, kiasi cha nyumba kuungua. Kumbe mgeni kaamka alfajiri kumtengenezea mwenyeji wake zawadi: lebo za kitambaa, herufi kubwa, wino usiotoka kwa maji wala sabuni, kila moja kaibana kwa pini kifuani mwa nguo. Shemeji, asiyejua a wala be, zilimpendeza mpaka akatundika nguo zote mbele, vifua vikitazama mlango. Alikuwa anatabasamu. Mara ya mwisho nilimwona hivyo siku ya harusi yake, na hata siku ile alijizuia.

Mimi kusoma nasoma kwa kujikokota, lakini BW. KIKWAPA niliisoma mara moja tu.

Nikamvuta shemeji pembeni nikamnong'oneza. Tabasamu likashuka taratibu. Hakunitukana, angenitukana ningepona. Akasema nizitoe. Nanyoosha mkono kwenye pini ya kwanza, hodi ikapigwa, na sauti ile huulizi ni ya nani.

Matroni akaingia, nyuma yake wageni na mwenyekiti wa chama. Akapita kwenye mstari wa nguo akisoma, mikono nyuma, kama anakagua wodi. Kwa Kitambi akakohoa. Kwenye makoti yake kumi na mawili akasimama.

"Bi. Ngurumo ni nani?"

"Ni wewe, mama," mgeni akajibu kwa fahari. "Ndugu huyu alinifundisha majina ya koo zote."

Nikaitazama pasi kama ndugu yangu wa mwisho duniani. Shemeji akachukua koti moja, akaugeuza ukosi.

"Hayo majina ni mdomo wa shemeji yangu," akasema. "Mimi sisomi. Mimi najua uzi. Wako ni bluu, mafundo matatu. Na kifungo cha pili kutoka juu kila wiki kinakuja kimelegea, maana ndicho unachokishika ukikaripia watu. Nakikaza. Hujawahi kuniagiza."

Hayo ni maneno yake ya wiki mbili.

Matroni akajiangalia kifuani. Mkono ulikuwa pale pale, kwenye kifungo cha pili. Akautoa polepole. Akasema wa ng'ambo aliwapa koti moja la majaribio, likarudi jeupe kweli, ila kifungo hicho hakipo.

"Makoti yanabaki," akasema. "Lakini na huyu apate lebo yake."

Mgeni akafungua kalamu. "Yeye ni wa ukoo gani, mama?"

"Domo."

Mgeni aliporudi kwao aliacha nyumba nzima imemzoea, na dada bado ananitajia kile kitanda. Lebo yangu iko kwenye aproni. Shemeji aliishona mwenyewe, pande zote nne, akitabasamu. Nimeifua mara tisa. Ule wino kweli hautoki. Ila ukipita dukani itazame vizuri: hakuna lebo mji huu iliyopigwa pasi ikanyooka kama hiyo.