Ushija na Nafasi Yake Mbele ya Moto

Ushija, jirani yetu hapa Mithila, Bara Hindi, aliolewa na Devarata akaja na ng'ombe mwekundu aliyepewa na baba yake. Kila alfajiri na kila magharibi, mume na mke walimimina maziwa kwenye moto wa ibada. Ushija hakuuacha uzimike kamwe. Mafuriko yalipoingia uani, aliubeba chunguni kichwani.

Mwaka Devarata alipoandaa sadaka kubwa ya kuomba mbingu, kaka yake Gargya alikuja kuisimamia. Akamkuta Ushija anatandika majani kando ya moto.

"Shemeji, ingia ndani. Hii kazi ya wanaume. Mwanamke hana mali, atatoa sadaka ya nini?"

Sisi wanawake tuliokuwa tukitwanga mpunga uani tukasimamisha michi. Devarata akainamisha kichwa. Kaka yake ndiye aliyemlea.

Ushija hakubishana. Alikwenda zizini, akamfungua ng'ombe wake, akashika njia.

"Unampeleka wapi? Maziwa ya ibada je?" Gargya akafoka.

"Kama mimi sina mali, basi huyu ni wa baba yangu. Namrudishia."

"Haya, Gargya, kamua fahali!" mwanamke mmoja akadakia, tukaangua kicheko.

Kwa hasira Gargya akamzuia Ushija langoni, akamwita Vatsyaka, mwalimu wa Mimamsa, elimu ya kupima maagizo ya ibada neno kwa neno. Alijua atashinda.

"Agizo linasemaje?" mzee akamuuliza.

"'Anayetamani mbingu na atoe sadaka.'"

"Na huyu hatamani?"

"Lakini mwalimu, kwa Kisanskriti neno lenyewe ni la kiume!"

"Ukiambiwa mgeni apewe maji, wa kike utamwacha na kiu? Mwanachuoni wa kale aliyetuachia elimu hii alishalikata shauri hili. Ibada ni ya wawili. Devarata akiketi peke yake, mnamwaga samli bure."

Hapo Devarata akainua uso. "Kaka, niwie radhi. Bila mke wangu sianzi."

Ushija akafungwa mshipi wa majani kiunoni, akaketi mahali pake hadi sadaka ikatimia. Gargya aliondoka bila kuonja chakula, na miaka ikapita hajakanyaga ule ua.

Devarata aliumia sana. Ushija naye akaanza kumpelekea shemeji yake vitumbua kila sikukuu. Vikarudishwa. Akapeleka tena.

"Huchoki?" nikamuuliza.

"Achoke yeye kurudisha."

Mwaka jana sahani ilirudi tupu.