Unga Mgongoni

Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Aliyeula haniulizi mwaka gani. Mahindi meupe yalikauka shambani, serikali ikaleta ya njano kwa meli, na sisi tuliotoka magharibi ya nchi tukayaita chakula cha kuku. Tuliyala. Hata hayo yakaadimika.

Serikali ilikuwa imepanga bei ya unga, na bila kibali hukuruhusiwa kusafirisha mahindi. Mimi niliishangilia sheria hiyo. Wenye maduka walikuwa wakituchuna, nikasema sasa wamempata wa kuwakomesha. Sikusoma, lakini macho ninayo. Kule kwetu mkulima alipoambiwa bei, aliyaficha mahindi yake. Huku mjini ubao wa bei ulining'inia umeandikwa vizuri, na chini yake rafu tupu. Unga wa bei ya serikali haukuwepo. Uliokuwepo ulipitia mlango wa nyuma, bei mara mbili.

Mtaani kwetu mjini, karibu na Jamhuri, mlango huo ulikuwa wa mjane mmoja wa Kihindi. Naye aliununua kwa siri, kwa bei kali. Alikupimia ratili sita, ukaufunga kwa leso mgongoni kama mtoto, ukatoka ukiubembeleza. Mtaa mzima wanawake walikuwa na watoto wachanga, hata bibi wasio na meno.

Siku niliyokamatwa, binti yangu wa pili alikuwa amelala mkekani, miguu imekuwa vijiti, siku mbili hajala. Mkaguzi wa bei alinisimamisha barabarani na askari wake.

"Mama, mbona mtoto wako halii?"

"Amelala, bwana. Wako hulala akilia?"

Askari akacheka. Mkaguzi akanibonyeza mgongoni kwa kidole, fundo likalegea, unga ukamwagikia viatu vyake.

Alinipeleka ofisini katikati ya mji. Akaweka mezani leso yangu na unga uliobaki ndani yake, kisha karatasi na wino.

"Weka dole. Sema ni mjane yule, na bei aliyokuuzia. Tunafunga duka lake, wewe unaenda na unga wako."

"Dole langu siliweki hapo."

"Anakuibia, mama! Sheria hii tumekuwekea wewe."

"Najua ni yangu. Basi niambie, ukishamfunga yule, unga wa bei yako uko duka gani?"

Akatazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Unga akauchukua, mimi akaniachia.

Nilirudi kwa miguu hadi nyumbani. Mtoto alinitazama mgongoni kwanza, halafu usoni. Nilimpa maji ya moto yenye chumvi, akayanywa.

Hakufa. Lakini miguu ile haikupata nguvu tena, na mpaka leo anatembea akishika ukuta. Watu wetu husema kiburi changu ndicho kilichomlemaza. Kiburi nilikuwa nacho, sikatai. Lakini mlango ule ulilisha mtaa, haukunilisha mimi peke yangu, na wenzangu nao walikuwa na watoto mkekani.

Wiki mbili baada ya siku ile ya ofisini, mkaguzi alinifuata nyumbani. Akaketi kwenye kigoda, akamwangalia binti yangu, akaweka sakafuni mfuko wa unga mweupe, na karatasi ile ile juu yake.

"Mama, mtazame mtoto wako."

Nilimtazama. Yeye alikuwa akiutazama mfuko.

"Dole langu siliweki hapo."