Fimbo ya Papa imeitwa silaha

Wakuu, salamu kutoka Goma. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu.

Nilimaliza informatique, yaani masomo ya kompyuta, nikakaa nyumbani mtaa wa Murara nikituma CV mpaka nikachoka. Ndipo nikapata kazi kwenye ofisi moja ndogo, mtaa wa Katoyi.

Unaletewa picha za vilima zilizopigwa na droni. Unachora kiboksi kwenye kila kitu na kuandika jina lake. Nyumba. Ng'ombe. Mtu. Kompyuta inajifunza kutoka kwako.

Tuliambiwa ni mambo ya kilimo. (Mimi huwaza kupita kiasi, dada yangu hunicheka. Nikawa najiuliza, kilimo gani hiki kinachotafuta watu badala ya mihogo?)

Siku moja likaja agizo: mtu mwenye kitu kirefu begani, andika "silaha".

Mkulima hatafuti silaha; droni ya vita ndiyo huzitafuta, ili ipige. Picha iliyokuwa mbele yangu ni ya mtu nyuma ya ng'ombe, fimbo imelala mabegani, mikono yote miwili imening'inia juu yake.

Wakuu, wachungaji wa kwetu Masisi hutembea hivyo. Papa, baba yangu, hutembea hivyo, na sasa hivi yuko huko juu vilimani na ng'ombe wake.

Nikamfuata chef, mkubwa wetu wa kazi.

"Chef, huyu ni muchungaji. Hii ni fimbo."

"Docteur wa ng'ombe, andika tu. Mashine itajirekebisha."

"Kabla ya kuua mutu, ao kisha?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Sisi hatuue mutu. Tunaandika tu."

Hapo ndipo damu inaponichemka. Aliyetengeneza kamera anasema hivyo. Aliyeandika programu, hivyo hivyo. Kila mmoja ana kipande chake kidogo, kisafi. Maiti ndiyo inayobaki nzima.

Niliacha kazi palepale. Nikampigia Papa.

"Papa, usibebe tena fimbo mabegani. Ishike chini."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nilikusomesha ili unifundishe kutembea?"

Nikamweleza yote. Akauliza:

"Na hiyo mashine, haione ng'ombe?"

"Inawaona, Papa. Mimi ndiye niliyeifundisha."

Nilichojifunza: kabla ya kuifundisha mashine, uliza itakwenda kumtumikia nani. Ukijibiwa "andika tu", umeshajibiwa.

Wataalamu wa teknolojia mliomo humu, karibuni mnipinge. Ila anzeni na Papa. Mwambieni mikono yake aiweke wapi.