Kasa Abishe Hodi Kwanza

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi, nikawa nafundisha kwa kujitolea katika shule moja ya msingi huko Msambweni. Hapo ndipo nilipokabidhiwa roboti. Ililetwa na bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu aliyefikia hoteli ya Diani. Ilikuwa bapa na ya duara, yenye magurudumu chini, betri tumboni na vitufe mgongoni. Unabonyeza amri moja baada ya nyingine, mwishowe unabonyeza cha kuondokea, nayo inazifuata. Watoto wa darasa la tatu walimwita kasa siku ileile.

Bibi alisema wazi kwamba kabla ya kurudi kwao angepita kuona. Watoto wakiweza kumwendesha wenyewe, kasa atabaki. Wakishindwa, atapelekwa shule nyingine Ukunda.

Nilianza kwa maelezo. Nikaeleza pembe, nikaeleza vipimo, kisha nikaeleza kwa nini nimeeleza. Mwalimu mkuu, mama wa bara asiyependa mambo marefu, alisimama mlangoni akasikiliza.

"Mwalimu, hawa ni watoto wadogo," akasema. "Unawafundisha ama unawatisha?"

Nikaenda kwa seremala kuomba mabaki ya mbao. Kila kipande nikakichora mshale: mbele, nyuma, kulia au kushoto. Watoto wakawa wanavipanga sakafuni kwa mstari. Mmoja anasoma, mwenzake anabonyeza. Kwa chaki nikachora nyumba yenye mlango, ukumbi na jiko. Kasa alitakiwa atoke nje, apite mlangoni, afike jikoni.

Mara ya kwanza alifika. Watoto wakabadilisha njia, na safari hii alipita jikoni, akavuka ukuta wa chaki, akaenda kujigonga kwenye meza yangu.

"Kashiba huyo," mmoja akasema. "Anaondoka bila kuaga."

Sababu niliijua. Kasa hasahau amri za zamani mpaka ubonyeze kitufe cha kufuta. Usipofuta, mpya zinafuata nyuma ya zile. Nikawaambia wafute kwanza. Wakasahau. Nikaandika ubaoni. Wakasoma kwa sauti nzuri sana, wakasahau. Nikaanza kujiuliza kama kosa ni mwandiko wangu, au rangi ya kitufe, au mimi mwenyewe kuzaliwa.

Siku moja kabla ya bibi kuja, nilikuta kipande kitupu, kisicho na mshale, mwanzoni mwa mstari.

"Hiki cha nini?"

"Cha hodi," akajibu msichana aliyekipanga. "Nyumba ya watu hii, mwalimu. Ataingiaje kimya kama paka?"

"Lakini hapo kasa hafanyi kitu."

"Anabisha. Sisi tunamwambia karibu."

Chuoni tulifundishwa kuondoa kisicho na kazi. Nikakiokota, nikakitia mfukoni. Darasa zima likautazama mfuko wangu kama lililoibiwa. Nikasimama pale nikiwaza: kipande hiki hakina kazi, na amri ya kufuta haina kipande chake. Nikakirudisha mahali pake.

"Haya. Mkifika kwenye hodi, bonyezeni hiki cha kufuta."

Hawakusahau tena.

Bibi alipokuja, watoto walipanga vipande vyao, wakabisha hodi, darasa likaitikia karibu, na kasa akaenda moja kwa moja hadi jikoni. Bibi alifurahi akapiga magoti, akapanga mstari wake mwenyewe, akabonyeza. Kasa akafika jikoni kama mwanzo, akapinda, akatoka kupitia ukutani. Bibi akanigeukia, uso umembadilika. Nikafungua kinywa nianze habari ya kumbukumbu ya mashine.

"Shikamoo, bibi," yule msichana akaniwahi, "lakini hukubisha hodi."

Nikatafsiri. Msichana akaweka kile kipande mbele ya mstari, akakiongoza kidole cha bibi hadi kwenye kitufe. Darasa likaitikia karibu. Kasa akafuata njia ya bibi, akasimama kando ya jiko, mahali hasa bibi alipomtuma.

Bibi aliondoka mikono mitupu, akicheka. Mwalimu mkuu alinipa mkono, kisha akaniuliza mbona bado nimekunja uso.

Nikamwambia nawaza betri.