Bomba la Zambarau na Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi Mkuu wa Mabomba wa Changamwe alinifungia chooni. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama yangu, nikitarajia kuonyeshwa meza na kiti. Badala yake alinipeleka kwenye nyumba mpya za kupangisha, akafungua mlango wa choo cha kuchuchumaa, akanisukuma ndani, akauvuta mlango.

"Chuchumaa," akasema akiwa nje.

"Na nguo, mzee?"

"Na nguo. Unakagua, huendi haja. Nyosha mkono wa kushoto. Umegusa nini?"

"Ukuta."

"Mfereji uko wapi?"

"Uko nyuma ya mlango."

"Basi nyumba haijakwisha. Toka."

Mkandarasi alilalamika kwamba mfereji upo na unatoa maji, sasa tatizo liko wapi. Msimamizi Mkuu akamwambia aingie akachuchumae mwenyewe, kisha aje amweleze ataufikiaje bila kutembea. Mfereji ulihamishwa wiki ileile. Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kwanza ya ukaguzi, na nayaandika kwa ajili yenu vijana mnaokagua kwa kupiga picha na simu mkiwa mmesimama mlangoni, mmeshika pua.

Kutoka Changamwe nilihamishiwa Likoni, chini ya Mhandisi Msaidizi, mtu mwembamba aliyeichukia chumvi kama vile ilimfanyia ubaya utotoni. Visima vingi vya huko vina maji ya chumvichumvi, na maji hayo hula bomba la chuma mpaka likabaki ganda. Kazi yetu ilikuwa kuwashawishi wenye nyumba waweke mabomba ya plastiki. Mhandisi Msaidizi alikuwa akionja maji ya kila mfereji na kuyatema dirishani bila kutazama nje. Siku moja alimtemea mwenye nyumba aliyekuwa chini akitusubiri na chai. Nyumba hiyo tuliipitisha haraka kuliko zote, na chai hatukuinywa.

Nilimalizia kazi Kisauni, na huko ndiko nilikopata vita vyangu vikubwa.

Anayeijua Kisauni anajua habari ya maji. Yanakuja yanapotaka. Yasipokuja, mkokoteni wa mitungi unapita mlangoni na muuzaji anakutazama akijua kwamba huna ujanja. Mke wangu Sidi alikuwa na utaratibu wake, na akina mama wengi wa huku Kisauni walikuwa nao. Mtu akioga, anaoga amesimama ndani ya beseni. Maji ya beseni hayamwagwi ovyo, yanangoja kumwagwa chooni. Kando ya beseni kuna kopo, na ndani ya kopo kuna maji safi ya kujisafishia mtu akimaliza haja. Beseni ni la choo, kopo ni la mwili. Mtoto aliyethubutu kuchota ya beseni akayatia kwenye kopo alisemwa tangu asubuhi mpaka chakula cha jioni, na wageni wakija alisemwa tena mbele yao.

Kwa hiyo Mkurugenzi mpya wa Ujenzi alipofika kutoka bara na kutangaza kwamba kila jengo jipya lazima liwe na bomba la maji yaliyotumika, wenzangu walicheka, mimi nikasimama kumuunga mkono. Mpango ulikuwa huu. Maji ya bafu na ya sinki la kunawia yanashuka kwenye tangi chini ya jengo, yanachujwa kwa kokoto na mchanga, yanatiwa dawa, kisha pampu inayapandisha tena hadi kwenye matangi ya kuflashi vyoo. Mafundi waliyaita maji ya pili. Bomba lake ni la rangi ya zambarau ili fundi asilichanganye na la maji safi. Niliona beseni la Sidi limepewa pampu. Nilimwambia Mkurugenzi kwamba sheria hii nitaisimamia hata kama ndiyo kazi yangu ya mwisho, na kwa kuwa nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu, hayakuwa majigambo.

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda mambo yaonekane. Aliogopa sana mtu asije akayanywa maji ya pili. Akaamuru yatiwe rangi ya buluu.

"Yaonekane, Mzee Karisa," alisema. "Mtoto akiyaona ajue si ya kunywa."

Jengo la kwanza lilijengwa Bombolulu na Bwana Omari, mfanyabiashara aliyekubali kwa shingo upande. Wenye viwanja wengine wote walikaa wakimtazama yeye. Zambarau likimfaa, nao wangekubali. Likimshinda, walikuwa tayari kwenda kudai sheria ifutwe, na Mkurugenzi hakuwa na watu wa kumtetea. Nilililinda jengo lile kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni. Nilikagua kila kiungo.

Siku ya ukaguzi wa mwisho niliingia choo cha ghorofa ya kwanza, nikafunga mlango, nikakaa, maana vilikuwa vyoo vya kukalia, nikanyosha mkono wa kushoto. Nikagusa kishikio cha karatasi.

"Hapa hapana maji ya kujisafisha," nikamwambia Mkurugenzi nilipotoka.

"Mchoro una karatasi."

"Watu wa hapa watataka maji."

"Wakitaka watajiwekea, Mzee Karisa."

Na kweli walijiwekea.

Wapangaji waliingia kwa furaha, na Mkurugenzi mwenyewe akachukua nyumba ya ghorofa ya juu ili awe mfano. Kwa majuma machache sikusikia neno. Kisha Bwana Omari akanipigia simu, sauti ikitetemeka kwa hasira, akasema wapangaji wamekusanyika uani na hawataki zambarau.

Nilikwenda na Mkurugenzi. Walikuwa wamejaa pale, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, wote wametazama chini.

"Maji yananuka?" nikauliza.

Hayanuki.

"Yanakatika?"

Hayajakatika hata siku moja.

"Sasa tatizo ni nini?"

"Hatuyataki," akasema mwanamume mmoja.

"Kwa nini?"

"Hatuyataki tu, mzee wangu. Mengine tusiulizane."

Nikamgeukia Mkurugenzi anisaidie, kwa kuwa alikuwa na ulimi mwepesi mikutanoni. Alikuwa anafuta jasho na kukitazama kiatu chake. Bwana Omari akasema kwamba ikifika Ijumaa hali ni hii, atang'oa zambarau lote, na wenzake wenye viwanja watakwenda naye kwa wakubwa kudai sheria ifutwe. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, eti sawa. Nilirudi nyumbani nimekasirika hata wali sikuumaliza. Mwaka mzima wa kubembeleza watu unakwendaje hivihivi bila hata sababu?

Asubuhi yake nilikuwa ofisini nikinung'unika peke yangu alipoingia Bi. Mwanaisha, mama mtu mzima aliyekuwa akipanga ghorofa ya pili. Niliinuka.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango."

Nikaufunga. Akakaa, akaivuta buibui yake vizuri, akatazama dari.

"Nina jambo, na ushahidi ninao. Lakini siuonyeshi."

"Sawa, Bi."

"Nimekwenda kwa daktari wa zahanati pale kwetu, kijana mwenye adabu. Nikamwambia mwanangu, mie nimeingiliwa na maradhi. Akaniuliza, ni rangi ya buluu? Wallahi nilishtuka. Nikamuuliza, umejuaje nawe hujaona? Akasema, Bi, wewe si wa kwanza kutoka jengo lile. Kila mmoja anakuja peke yake, na kila mmoja ananiapisha nisimwambie jirani."

Nilijitahidi uso wangu ubaki uso wa serikali.

"Buluu wapi, Bi?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Karisa, mwanangu, una wajukuu wewe. Usinitie majaribuni."

Hapo ndipo nilipopata picha yote. Niliondoka naye hadi Bombolulu, akanifungulia choo chake. Kando ya kiti palikuwa na ule mpira mfupi wenye kichwa cha kunyunyizia, ambao siku hizi umechukua nafasi ya kopo katika nyumba nyingi za pwani. Fundi wa mtaani aliuunga pale pale mafundi wote wa Mombasa wanapouunga tangu mipira hiyo ianze kuuzwa, kwenye valvu ya tangi la kuflashi, kwa kiungo cha njia tatu. Ndipo karibu, ndipo rahisi, hakuna kutoboa ukuta. Kwingine kote fundi angekuwa sawa. Katika jengo hili valvu ile ilitoka kwenye zambarau. Na mlinzi wa jengo, aliyeagizwa kwamba rangi ionekane, alikuwa akiimimina bila huruma.

"Kumbe nastanji kwa maji ya watu waliyoogea," akasema Bi. Mwanaisha polepole nilipomweleza. "Na swala zangu zote hizo?"

Alikaa kwenye kiti cha sebuleni na macho yakamjaa. Hamu ya kucheka iliniisha yote. Maskini, buluu alikuwa ameistahimili, lakini hili lilimuumiza kweli. Nikamwambia aende kwa imamu wake akamuulize, na kwamba kabla ya Ijumaa maji safi yatafika mkononi mwake, nikikosa aje anitoe ofisini kwa bakora.

Nilikagua nyumba moja baada ya nyingine, na kila nyumba ilikuwa na mpira, na kila mpira ulikuwa kwenye zambarau. Wakristo kwa Waislamu, wa pwani na wa bara. Jioni nilifika ghorofa ya juu nikabisha. Mkurugenzi akafungua mlango kidogo, akausimamia.

"Kwangu hakuna haja, Mzee Karisa. Mimi natumia karatasi."

"Agizo lako ni kukagua zote, Mkurugenzi."

Tulitazamana. Mwishowe akajisogeza. Kishikio cha karatasi kilikuwa kimetundikwa taulo. Kando yake, mkono wa kushoto hasa, ulining'inia mpira mzuri kuliko yote niliyoiona siku ile, kichwa chake kinang'aa, umeungwa kwenye zambarau na fundi yuleyule.

Alikuwa ameishi Mombasa miaka miwili tu, na pwani ilikuwa imeshamchukua.

"Nilidhani ni figo," akasema hatimaye, taratibu. "Nimeshaandika na wosia."

"Ni rangi, bosi."

"Hutoka?"

"Hutoka. Jaribu limau."

"Limau litawasha."

"Litawasha," nikakubali.

Kabla ya Ijumaa mafundi walipitisha bomba jeupe la maji safi katika kila choo, valvu yake mkono wa kushoto, na zambarau likabaki na tangi lake peke yake. Mkurugenzi mwenyewe alisimama uani akawaambia wapangaji kwamba kosa limepatikana na halitarudi. Alieleza kwa ufasaha mkubwa bila kutaja kiungo chochote cha mwili. Wakapiga makofi, kila mmoja akimkwepa mwenzake macho. Bwana Omari aliliacha zambarau mahali pake, na sheria ikapata kifungu kipya, kwamba choo chochote chenye maji ya pili lazima kiwe na valvu mbili, moja ya kuflashi na moja ya mwili. Mafundi wa Kisauni hawana habari na kifungu. Wao huziita beseni na kopo.

Nimestaafu sasa. Vijana hunijia wakiniuliza nini muhimu katika ukaguzi, nami huwaambia kipimo cha shinikizo ni kizuri, mchoro ni mzuri, lakini ingia ukae. Sidi ananiambia nisiwaambie watu hivyo kanisani.

Kiangazi kilichopita binti yetu alihamia jengo jipya huko Shanzu, tukaenda kumtembelea. Mifereji ya mtaa mzima ilikuwa imekauka, watu wamepanga foleni na mitungi barabarani. Kwake choo kiliflashi kama kawaida. Niliusikia mlio ule nikiwa sebuleni, nikaweka kikombe chini, nikaomba ruhusa. Nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa na nguo zangu, nikanyosha mkono wa kushoto. Ukagusa valvu, nikaifungulia kidogo, maji safi kutoka tangi la juu yakanitiririkia vidoleni. Sikuona haya, machozi yalinitoka. Nikakaa hapo.

Baada ya muda binti yangu akagonga. "Baba, u mzima huko?"

"Mzima," nikamjibu. "Nakagua."