Nilimwambia Afunge Mdomo

Mwanangu, tangu ulete hiyo kamera ya filamu uliyoipata sokoni Mchikichini, kuna asubuhi moja ya Kariakoo hainitoki kichwani.

Nilikuwa kijana, napiga picha barabarani kwa kamera kama hiyohiyo, ya kuvuta filamu kwa kidole gumba na kukisia mwanga kwa macho. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo sikutaka mchezo. Mteja asimame wima, mikono chini, mdomo afunge. Nilidhani huo ndio ufundi, na kiburi nilikuwa nacho cha kugawia mtaa mzima.

Akaja Mama Zuhura, muuza vitumbua, na khanga mpya, mtoto mgongoni. Alikuwa mtu wa kucheka yule! Kila nikiweka jicho kwenye kamera anaangua kicheko, na wasukuma mikokoteni nao wanacheka.

"Mama, funga mdomo, utaniharibia filamu."

"Haya baba'ngu, nimetulia. Piga basi."

Akabana midomo. Nikabonyeza.

Mwaka jana mwanamke mmoja alinifuata hapa barazani, picha ile mkononi. Alikuwa Zuhura, yule mtoto wa mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Mama yangu alifariki sijapata hata akili. Picha yake ni hii tu." Akanionyesha meno yake ya mbele. "Mimi nina mwanya, kwetu hakuna mwingine. Mama alikuwa nao?"

Nikamjibu, "Alikuwa nao. Kama huo wako."

Akalia kwa furaha, akanishukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki nimekaa, maana ukweli ni kwamba sikumbuki. Meno yale niliyaona mbele yangu, karibu kabisa, nikaamuru yafichwe. Inaniuma mpaka leo.

Basi nakuomba, ukiwa pale Kariakoo usiwapange watu kama askari wa gwaride. Anayecheka, mpige picha akicheka. Anayegombana na mteja wake, mpige picha hivyohivyo, mdomo wazi. Filamu ikiharibika utanunua nyingine, hilo lisikuumize kichwa.

Mungu akupe subira na mkono uliotulia, mwanangu. Na kila utakayempiga picha, siku moja mtoto wake aitazame na asiwe na la kuja kukuuliza.