Fimbo ya Kuita

Majina nayakumbuka yote, hata ya ng'ombe waliokufa nikiwa msichana. Hapa sitaandika hata moja. Nimejifunza kuyabania.

Mzee wangu alipofariki, watoto wakiwa wameshatawanyika, nilipangisha chumba cha uani kwa mwalimu wa kike aliyeletwa Dongobesh kutoka Lindi. Jumapili moja mvua ilimzuia ndani na rafiki yake, muuguzi wa zahanati. Niliwapelekea chai, nikawakuta na karatasi na dadu. Ulikuwa mchezo: mwalimu anasimulia safari, muuguzi ni shujaa ndani ya safari, na dadu inaamua kama pigo limempata adui.

"Shikamoo Bibi. Kaa, tumekosa mtu wa tatu."

Nikakaa. Tangu hapo Jumapili ikawa na watu.

Mwalimu hakujua majina ya huku, basi watu wa safarini niliwapa mimi, ya wangu waliotangulia. Mhunzi wa mlimani nilimpa la mzee wangu. Sikuwaambia.

Kisha tukaanza kujitengenezea silaha. Muuguzi alitengeneza upinde unaowaka moto. Mimi fimbo: ukimwita mtu kwa jina, anatokea hapo hapo na kufanya unalotaka.

"Bila kurusha dadu?" mwalimu akauliza.

"Wewe ukiitwa na bibi yako, unarusha dadu kwanza?"

Wakacheka, wakaipitisha. Walidhani mzee kama mimi atasahau majina. Jumapili iliyofuata adui mkubwa nilimwita akiwa bado kwake, akaja bila ngao. Safari ya wiki nyingi ikaisha chai haijapoa.

"Bibi, umetuulia mchezo," muuguzi akasema, anavaa sweta. "Upinde wangu sasa ni wa kuchomea mahindi."

Jumapili ya pili walikwenda zao Katesh. Nilitoka kanisani, nikamenya vitunguu saumu mpaka giza, vingi kuliko ninavyoweza kula. Nilijikuta nawasimulia kuku mahubiri.

Asubuhi nikamwambia mwalimu tuipunguze ile fimbo.

"Itumike mara moja kwa siku," akasema.

"Haitoshi. Siku ziko nyingi. Jina nikishaliita, lifutike. Mtu yeyote asilitaje tena mchezoni."

Akanitazama. "Hiyo inauma, Bibi."

"Fimbo ndiyo kazi yake."

Wakarudi. Safari ikawa ndefu, maana kila jina nililipima kwanza. Tulikula makande, tukabishana, muuguzi akaunguza msitu mzima kwa upinde wake. Mpaka siku tuliyofungiwa pangoni, maji yanapanda, na kufuli la mlango analijua mhunzi peke yake.

"Ita, Bibi! Mwite mhunzi!"

Jina lilikuwa mdomoni. Lakini Jumapili ndiyo siku pekee watu wanalitaja ndani ya nyumba hii.

"Siiti."

"Tutakufa!"

"Basi tufe."

Muuguzi akarusha dadu kuuvunja mlango. Ikatoka moja. Tukafa wote wawili, na upinde wake.

"Bibi una kichwa kigumu," akasema, amenuna kweli.

Mwalimu akachukua karatasi mpya. "Jumapili tunaanza upya. Tuanzie wapi?"

"Kwa mhunzi," nikasema.

Na muuguzi, bado amenuna, akauliza jina la mhunzi linaandikwaje vizuri, akaliandika juu kabisa ya karatasi.